Kilo Mbili za Daktari Namkoko

Siku Daktari Faraji Namkoko alipoanza kutokuwepo ilikuwa Jumanne, na Chuo Kikuu cha Taifa kiliiandika siku hiyo kwa wino mweusi katika kitabu cha mahudhurio: "Mtoro, siku ya kwanza." Tusikilaumu Chuo. Katika nchi ile, ambayo jina lake hatulitaji kwa kuwa yenyewe hujitaja kutwa kucha, mtumishi hawezi kufa hivi hivi tu kama kuku. Sharti ajaze fomu, aitie sahihi mwenyewe mbele ya mkuu wake wa idara, kisha aiwasilishe siku saba kabla. Daktari Namkoko hakujaza chochote. Aliingia shamba la majaribio saa moja na nusu asubuhi akiwa na kandambili miguuni, nyoka akamgonga juu ya kifundo, na adhuhuri ilipoadhiniwa yeye alikuwa ameshakwenda zake. Zahanati ya Chuo ilikuwa na dawa ya sumu ya nyoka, nzuri tu, tena mpya. Ila mwenye ufunguo wa kabati alikuwa kwenye semina ya utunzaji wa funguo.

Aliyemtoa shambani ni Mwatumu Likwepa, mhudumu wa maabara, mwanamke wa makamo aliyesoma hadi kidato cha nne, ambaye kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameosha chupa za watu wenye digrii tatu tatu. Alimbeba mgongoni kama mtoto. Njia nzima daktari alisema jambo moja tu: "Dada Mwatumu, utaumia mgongo."

Sasa mtu atauliza: msomi mzima anaingiaje kwenye majani na kandambili? Ni swali zuri. Chuo nacho kiliuliza, na kikamkuta daktari na hatia.

Ilikuwa hivi. Kila mhadhiri mpya katika nchi ile hupokewa kwa hafla, na katika hafla hupewa vitabu viwili. Cha kwanza ni Mwongozo wa Matarajio, kurasa mia nne na kumi na nane, jalada jeusi, hubebwa kwa mikono miwili. Cha pili ni Mwongozo wa Msaada, ambao ni ukurasa mmoja uliopigwa nailoni usije ukalowa. Ukurasa huo unasema: "Mhadhiri mpya atasaidiwa. Soma pamoja na kanuni ya tisa." Kanuni ya tisa haijatungwa, lakini kamati ya kuitunga ina afya njema na hukutana kila mwezi, na chai yake husifiwa.

Tarajio kuu lilikuwa moja. Ndani ya miaka mitatu, mhadhiri mpya atoe kilo mbili za utafiti.

Zamani walihesabu machapisho. Wakaona kuhesabu kunaleta ugomvi, maana wengine waliandika kurasa tatu na wengine mia. Lilitolewa pendekezo la kuyasoma, likakosa mtu wa kuliunga mkono. Ndipo mwenye hekima mmoja akasema mzani hauna upendeleo, na mzani ukaazimwa kwenye bucha la kantini ya wanafunzi, ukaazimwa moja kwa moja. Tangu hapo utafiti hupimwa hadharani mbele ya Baraza, hufungwa kamba, hupigwa lakiri, hupelekwa ghalani. Ukishapimwa haufunguliwi tena na mtu yeyote. Kurasa zikifunuliwa-funuliwa zinachakaa, na zikichakaa zinapungua uzito, na hakuna taifa linaloweza kuendelea kwa utafiti unaopungua.

Daktari Namkoko, kwa bahati mbaya yake, alitafiti njugu mawe.

Kwao ni kaskazini, ambako njugu huhitaji miezi minne kuiva na mvua siku hizi hukaa miwili na nusu tu ikaondoka bila kuaga. Alizunguka kwa bibi mmoja hadi mwingine akikusanya mbegu za zamani, akapata aina ishirini na nne, akazitia katika makopo ishirini na manne ya maziwa ya unga, kila kopo na namba yake. Alikuwa anatafuta moja tu, ile itakayoiva kabla mvua haijakatika. Kwa kazi hiyo aliomba kwa Kurugenzi ya Kusaidia Utafiti mambo matatu: maji, mtu wa kumwagilia, na jozi moja ya buti za mpira.

Kurugenzi ilimjibu baada ya mwaka mmoja, jibu lenye heshima zote. Maji yapo angani. Mtu wa kumwagilia ni suala la imani. Ama kuhusu buti, "si kifaa cha utafiti, kwa kuwa hazifikiri." Badala yake akaalikwa Warsha ya Namna ya Kuomba Warsha, akapewa pia mlezi, Profesa Mandewa, mkuu wa idara yake, mwenye kilo arobaini na moja ghalani.

"Kijana," Profesa alimwambia siku ya kwanza ya malezi, ambayo pia ilikuwa ya mwisho, "njugu ni nyepesi. Tafiti kitu kizito. Mimi nilianza na karatasi nene, na leo unaniona."

Maji hayakushuka kutoka angani, basi Mwatumu akayabeba. Hakuna aliyemtuma. Akimaliza kuosha chupa alichukua ndoo mbili na kwenda shambani, misimu miwili mfululizo, na daktari akimfuata nyuma na madaftari yake ya kaki, akiandika na kupiga mbu.

Jumatatu ile, siku moja kabla, aliingia maabara akitabasamu hadi masikioni.

"Dada Mwatumu, nimeipata."

"Umepata mchumba?"

"Njugu."

"Ah! Nikadhani kitu cha maana."

"Imo humo kwenye makopo. Nimeiandika daftari la tatu. Kesho asubuhi naiangalia mara moja tena shambani, nikirudi nakwambia ni kopo namba ngapi."

"Niambie sasa hivi. Mgongo uliokunjika ni wa nani, wangu au wako?"

"Nikikwambia sasa utapiga vigelegele, jengo zima lishtuke, halafu nyumba ya jirani waulize nani kaolewa. Subiri kesho."

Mwatumu alimrushia kitambaa cha kufutia chupa. Kikamkosa.

Mazishini kaskazini Chuo kilituma ujumbe wa watu tisa, kwa kuwa Chuo huthamini watu wake. Msemaji wa ujumbe alisoma barua mbili. Ya kwanza ilitoka Idara, ilikuwa ya rambirambi, na ilisema pengo la marehemu halitazibika. Ya pili ilitoka Ofisi ya Utumishi, ilikuwa ya onyo, na ilisema kwamba endapo Daktari Namkoko hatarejea kituoni ifikapo Jumatatu atachukuliwa hatua. Alizisoma kwa sauti moja ile ile, akazikunja, akamkabidhi mama wa marehemu kwa mikono miwili.

Mama yake Faraji alikuwa ameketi mkekani, khanga kichwani. Alimgeukia Mwatumu.

"Kwa hiyo wanamtaka Jumatatu?"

"Ndiyo, mama."

"Waambie hatafika."

"Nimewaambia, mama. Wanasema aje aseme mwenyewe."

Mama aliviringisha pindo la khanga kwenye kidole. Kisha akauliza kitu ambacho katika watu wote tisa wa ujumbe hakuna aliyekuwa amejiandaa kuulizwa.

"Mwanangu alikuwa anatafuta nini kwenye majani huko?"

"Njugu mawe, mama. Njugu za kuiva upesi, za huku kwenu."

"Alizipata?"

"Alizipata."

"Ziko wapi?"

Makopo yalikuwepo, ishirini na manne, yamepangwa rafu ya juu. Lakini daktari alikwenda na namba yake.

"Usiniletee zote," mama alisema, kana kwamba anayaona makopo. "Nina robo eka, mwanangu, na msimu mmoja. Nikikosea msimu huu hatuli. Niletee ile moja, kabla ya mvua. Nione alichofia."

"Nitakuletea," akasema Mwatumu.

Mvua zilikuwa na majuma kumi.

Aliporudi Chuoni alikuta madaftari yote manne yamefungiwa katika ofisi ya Profesa Mandewa. Profesa alimpokea vizuri sana, akamwambia pole, akamwambia akae, akamwambia hapana.

"Lile la tatu tu, Profesa. Nisome ukurasa mmoja, nikurudishie hapa hapa."

"Bi Mwatumu, unajua madaftari haya ni nini?"

"Ni ya Daktari Faraji."

"Ni uzito wa Idara." Akaliweka neno hilo mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Miaka mitatu ya kijana inaisha miezi miwili ijayo. Sheria inasema yupo, basi atapimwa. Akipungua, aliyeshindwa si yeye. Ni mlezi. Sasa wewe ukianza kufunua, kurasa zichakae, gramu zipotee, mimi nitaweka wapi uso wangu?"

"Lakini mama yake..."

"Mama yake tumempa barua mbili."

Mwatumu alirudi kila Ijumaa. Kila Ijumaa alipewa pole na hapana, kwa utaratibu huo.

Juma la sita, msaada ulifika. Ilikuwa jambo la kupendeza. Kurugenzi ya Kusaidia Utafiti iliita waandishi wa habari, ikakata utepe, ikafungua kasha, na ndani ya kasha zilikuwa buti za mpira, jozi moja, mpya zinanukia. Zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto. Mkurugenzi alieleza kwamba hiyo ni awamu ya kwanza.

"Na apokee nani?" waandishi wakauliza.

"Mlengwa yuko nje ya kituo," akasema Mkurugenzi. "Atapokea huyu mama wa usafi kwa niaba."

Mwatumu alipokea kwa niaba, akapigwa picha, akapokonywa buti ili zitumike kwenye hafla nyingine. Hakulia mbele yao. Alikwenda kwenye sinki la maabara akafungua bomba na kusafisha chupa ambazo zilikuwa safi tangu asubuhi.

Juma la nane, siku moja kabla ya kupimwa, Profesa Mandewa alimwita mwenyewe. Juu ya meza yalikuwa madaftari manne na mzani mdogo wa kupimia barua. Uso wa Profesa ulikuwa umesawijika.

"Kilo moja na robo," akasema kwa sauti ya msibani. "Na hapo nimehesabu matope."

"Alikuwa anaandikia shambani," Mwatumu akasema.

"Nilimwambia karatasi nene! Nilimwambia!" Akainuka akafunga mlango. "Bi Mwatumu, kwenu wanalima pamba?"

"Wanalima."

"Basi wewe ni mtu mzima. Mkulima wa pamba akiona gunia jepesi siku ya mnada anafanyaje?"

Mwatumu aliuona mtego wote kabla hajamaliza kusema. Alikulia penye mizani ya pamba. Baba yake mwenyewe alikuwa akinyunyizia gunia maji kisha anaapa kwa jina la Mungu kwamba huo ni umande.

"Analilowesha," akajibu.

"Mimi sijasema. Umesema wewe. Karatasi hunywa maji kuliko pamba. Chukua, nenda nazo maabara, zipitishe kwenye ndoo taratibu, zikolee, kesho saa nne unazileta mwenyewe mbele ya Baraza. Ndiyo maana nimekuita wewe. Una mkono wa maji."

"Yatafutika maandishi, Profesa. Ni wino."

Profesa alimtazama kwa huruma ya kweli. "Maandishi yana uzito gani, mama?"

Mwatumu aliyakumbatia madaftari manne kifuani, akashuka ngazi. Alikuwa hajawahi kuiba hata kizibo katika Chuo kile. Alifunga mlango wa maabara, akakaa juu ya kigoda, akayatazama. Kisha akainuka akaenda kwenye meza ya daktari, ambayo hakuna aliyeigusa isipokuwa yeye na kitambaa chake, na chini ya mguu mfupi wa meza hiyo akavuta Mwongozo wa Matarajio, ambao daktari aliuweka pale mwezi wake wa kwanza kazini ili meza isicheze. Ulikuwa na kurasa zake zote mia nne na kumi na nane. Haukuwa umefunguliwa hata mara moja.

Aliuchana vipande vinne kwa kisu cha mkate. Akavisha kila kipande karatasi ya kaki, akaandika juu moja, mbili, tatu, nne, akavizamisha kwenye ndoo. Vilikunywa maji kama ng'ombe waliotoka mbali. Madaftari yenyewe aliyaficha chini ya sinki bila kuyafunua, mpaka Baraza limalize.

Asubuhi ya kupimwa ukumbi ulijaa. Makamu Mkuu wa Chuo alikaa mbele na joho lake jekundu. Profesa Mandewa alikaa pembeni akitafuna kucha. Mwatumu aliingia na beseni kichwani, beseni likidondosha maji hatua kwa hatua hadi kwenye mzani, na mpimaji, Mzee Sufiani, aliyepima nyama miaka thelathini kabla hajapandishwa kupima elimu, akavipokea vile vinne kimoja kimoja.

"Mbona utafiti wenyewe mbichi huu?" akauliza kwa sauti.

Profesa Mandewa akaacha kucha, akaanza kidole.

Makamu Mkuu akasimama. Mtu hafiki cheo kile kwa kunyamaza.

"Mbichi!" akanguruma. "Ndugu wajumbe, mmesikia? Mbichi! Taifa limechoshwa na tafiti kavu! Hapa tuna kijana, mpya, ambaye pamoja na changamoto ndogo ndogo za mahudhurio, anatuletea utafiti ambao bado unatoa maji! Huo ndio ubichi wa fikra tunaouhitaji kuelekea uchumi wa juu wa kati wa chini! Pima, mzee!"

Wakapiga makofi. Mzee Sufiani akainama kukilaza cha mwisho, na jalada la kaki lililolowa likateleza kidogo pembeni. Mwatumu aliona macho ya mzee yakisimama juu ya jalada jeusi na herufi za dhahabu. Alisoma polepole, mdomo ukicheza. Akamtazama Mwatumu. Mwatumu alimtazama naye, mikono imeshika beseni tupu.

Mzee Sufiani akarudisha kaki mahali pake kwa kidole gumba, akaifinya kama anavyofinya mtu ngozi ya kipande kizuri cha paja.

"Kilo mbili na gramu mia tatu," akatangaza. "Mfupa haumo."

Hivyo ndivyo Mwongozo wa Matarajio ulivyotimiza matarajio yake wenyewe, ukafungwa kamba, ukapigwa lakiri, ukapelekwa ghalani, ambako hautafunguliwa na mtu. Palepale Baraza likampandisha Daktari Faraji Namkoko kuwa Mhadhiri Mwandamizi. Katika maelezo ilitajwa kwamba kwa muda wa majuma manane hajaomba maji, wala mtu, wala buti, jambo linaloonyesha ukomavu. Profesa Mandewa alitunukiwa cheti cha ulezi bora. Alilia.

Mwatumu alirudi maabara, akafunga mlango, akatoa daftari la tatu chini ya sinki. Kurasa zilikuwa kavu, zimekunjamana pembe, na matope ya shamba yamekauka kati yake. Akafunua hadi Jumatatu ile. Mwandiko wa daktari ulikuwa mbaya kama kawaida.

"Namba 17. Siku 68. Mvua mara nne tu, mengine ni ndoo za Dada Mwatumu. Nimerudia hesabu mara tatu. Ni hii."

Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, alikuwa ameandika: "Nisimwambie leo, nitakosa kazi ya kesho kwa kelele zake."

Hakupiga vigelegele. Alikaa na daftari mapajani mpaka jua likaondoka dirishani, kisha akapanda juu ya kigoda, akateremsha kopo namba kumi na saba, akalitikisa karibu na sikio.

Aliomba likizo ya msiba ya siku nne. Ofisi ya Utumishi ilimjibu kwamba msiba haupo, kwa kuwa anayedaiwa kufa amepandishwa cheo siku chache zilizopita na maiti hawapandishwi. Ombi lake, hata hivyo, lingeweza kufikiriwa kama safari ya kumpongeza. Mwatumu akaandika "kumpongeza", akaondoka.

Mama yake Faraji alikuwa ameshalima ile robo eka, udongo umefunuka ukisubiri. Mwatumu alimkabidhi kopo. Mama akalifungua, akamimina mbegu kiganjani: ndogo, za rangi ya maziwa, kila moja na jicho jeusi.

"Hizi nazijua," akasema. "Hizi ni za mama yangu. Nilimpa Faraji mimi mwenyewe, konzi moja, nikamwambia zimeshapitwa na wakati." Akazitazama tena. "Na huko walimpa nini, kwa kazi hii?"

Mwatumu alifikiri juu ya cheo, na barua, na buti za mguu mmoja.

"Walimpa kilo mbili, mama."

"Za nini?"

"Hawakuangalia."

Mama akacheka kidogo, ghafla, kicheko kilichomtoka bila ruhusa, kisha akajifuta macho kwa mkono usio na mbegu. Wakapanda siku ile ile, wawili, mmoja akichimba na mwingine akidondosha. Mvua ilinyesha siku ya tatu.

Huko Chuoni nafasi ya Daktari Namkoko haijatangazwa, kwa sababu mwenyewe bado yumo. Mwatumu angali anaosha chupa. Kaskazini, mama alivuna siku ya sabini, mvua ikiwa bado inanyesha. Sasa majirani huja na vikombe kuomba mbegu, naye huwapa.